Hali ya Roho Haisomwi Kwenye Ratiba ya Ibada

Muulize mtu hali ya roho yake, naye mara nyingi atakujibu kwa kutaja ratiba. Anaswali swala tano, Ijumaa haimpiti, amefunga Ramadhani yote na sita za Shawali. Au yumo kwaya, anahudhuria jumuiya kila wiki, anatoa fungu la kumi na hakosi mkesha wa mwisho wa mwezi. Ni jibu la kweli na la heshima, lakini swali limebaki pale pale. Ratiba inaonyesha mwili ulikuwa wapi. Haionyeshi kama kinyongo cha mwaka juzi bado kipo, kama msichana wa kazi amelipwa mshahara wake, kama sala ya jana ilisaliwa au ilitamkwa tu. Ninachotetea katika makala haya ni kwamba afya ya roho hujulikana, na hutunzwa, kwa kazi moja ambayo wengi tumeiacha: kujihesabu mara kwa mara, kwa maswali mahususi, na maswali hayo yaguse namna tunavyowatendea watu. Ibada isiyo na hesabu hiyo inaweza kuendelea miaka mingi huku roho inadhoofika na mwenyewe hana habari.

Dini haijapungua katika nchi zetu. Mwaka 2010 kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilichapisha matokeo ya mahojiano na watu zaidi ya 25,000 katika nchi 19 za kusini mwa Sahara, zikiwemo Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Kongo. Katika nyingi ya nchi hizo, watu wapatao tisa kwa kila kumi walisema dini ni jambo muhimu sana maishani mwao. Kama wingi wa ibada peke yake ungeponya roho, basi ofisi zetu za ardhi, mizani zetu za barabarani na mirathi ya wajane wetu vingekuwa mfano kwa dunia nzima. Na uko ushahidi mzito kuliko rushwa. Mwaka 1994 Warwanda walio wengi sana walikuwa Wakristo, na makanisa ya Ntarama na Nyamata, ambako watu walikimbilia wakiamini watakuwa salama, yakawa mahali pa kuchinjwa. Leo yote mawili ni kumbukumbu ya mauaji ya kimbari. Kuanzia Aprili 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, mingi ikiwa ya watu waliokufa njaa katika mfungo waliouamini kuwa ungewafikisha kwa Yesu. Hao hawakupungukiwa na bidii ya ibada hata kidogo.

Utaniambia hiyo ni mifano ya waliopotoka, nawe humo. Sawa, tuwaangalie watu wa kawaida wenye nia njema. Mwaka 1973 John Darley na Daniel Batson walichapisha jaribio walilolifanya kwa wanafunzi 40 wa chuo cha teolojia cha Princeton, Marekani. Kila mwanafunzi alitakiwa kwenda jengo la pili kutoa hotuba fupi. Baadhi walipewa mada ya Msamaria Mwema, wengine mada ya kazi wanazoweza kufanya wahitimu wa chuo hicho. Njiani aliwekwa mtu ameinama mlangoni, anakohoa na kugumia. Ilionekana kwamba mada ya hotuba haikuleta tofauti ya maana. Kilicholeta tofauti ni haraka. Walioambiwa wana muda, asilimia 63 walisimama kusaidia; walioambiwa wamechelewa, asilimia 10 tu. Wapo waliomruka mgonjwa ili wawahi kwenda kumsifia Msamaria. Watafiti wenyewe hawakuwahukumu kuwa wakatili. Walisema huenda vijana hao walibanwa kati ya mtu aliyewasubiri mbele na mtu aliyeanguka njiani. Mimi nachukua fundisho dogo zaidi: kulijua neno la dini, hata kulibeba mdomoni saa hiyo hiyo, hakumfanyi mtu ajione anavyotembea. Haraka haijitangazi kuwa dhambi. Lazima pawe na saa ya kuiuliza.

Wakubwa wa dini waliliona tatizo hili mapema mno. Umar bin Khattab, khalifa wa pili, anasimuliwa akiwahimiza watu wajihesabu kabla hawajahesabiwa. Al-Harith al-Muhasibi, aliyezaliwa Basra na kufariki Baghdad mwaka 857, alipata hata lakabu yake kwa ajili ya kujihesabu huko. Lakini kisa kinachonigusa zaidi ni cha Imamu Ghazali. Mwaka 1095 alikuwa mwalimu mkuu wa madrasa ya Nidhamiya mjini Baghdad, mamia ya wanafunzi wakimsikiliza, jina lake likitajwa katika majumba ya watawala. Kwa maelezo yake mwenyewe, alipoipima nia yake ya kufundisha aliikuta imeegemea sifa na cheo. Ulimi ukamfunga asiweze kutoa darasa, chakula kikamshinda, waganga wakakata tamaa. Akaacha kazi na kuondoka mjini. Angalia jambo hili vizuri: ugonjwa wa roho ulimkuta mtu akiwa katikati ya dini, kileleni kabisa, akifanya kazi ambayo kila mtu aliiita ibada. Ratiba yake haikuwa na dosari.

Baadaye, katika Ihya Ulum al-Din, kazi yake yenye vitabu 40, Ghazali alitenga kitabu kizima, cha 38, kwa kujihesabu. Anaifananisha nafsi na mshirika wa biashara aliyekabidhiwa mtaji. Asubuhi unaweka naye masharti, mchana unamchunga, jioni mnakaa kupiga hesabu, na ukikuta amekula mtaji unamwajibisha. Mwenye duka yeyote wa Kariakoo au Marikiti ataelewa bila kufasiriwa. Hakuna anayefunga duka akisema "leo biashara ilikuwa nzuri" kwa sababu tu wateja walikuwa wengi na yeye alichoka. Anafungua daftari. Anaona nani kakopa, nini kimetoka bila kulipiwa, na mara nyingine anagundua kwamba siku iliyojaa wateja ndiyo siku ya hasara. Hesabu hiyo inafanywa kila jioni kwa sababu kosa la leo likiachwa mpaka mwisho wa mwaka haliwezi kufuatiliwa tena. Hakuna anayekumbuka nani alichukua nini. Sisi roho tumeiwekea hesabu ya mwaka, tena kwa Ramadhani au Kwaresima, na tunashangaa kwa nini kila mwaka tunatubu makosa yale yale kwa maneno ya jumla.

Upande wa Kanisa nako njia ilikuwa hiyo hiyo. Ignasi wa Loyola, ambaye kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho kiliidhinishwa na Papa Paulo III mwaka 1548, aliagiza uchunguzi wa dhamiri unaoanza na shukrani, kisha kuomba mwanga, kuipitia siku saa kwa saa, kuomba msamaha na kuweka azimio la kesho. Akaongeza jambo ambalo wengi hulisahau: chagua kosa moja tu la kupambana nalo, ulihesabu mchana na usiku, ulinganishe leo na jana. Mhubiri John Wesley naye alifika hapo kwa mlango usiotarajiwa. Mwaka 1742, huko Bristol, jumuiya yake ilikuwa na deni la jengo, ikaamuliwa kila mtu atoe senti yake kwa wiki na viongozi wapite nyumba kwa nyumba kukusanya. Wakusanyaji wakaanza kukuta yaliyokuwa yamefichika nyuma ya ibada za Jumapili: ulevi, ugomvi wa ndoa, watu waliokata tamaa. Kutoka hapo yakazaliwa makundi madogo ya watu kama kumi na wawili yaliyokutana kila wiki kuulizana hali za roho zao. Na hapa pwani kwetu, mwandishi wa utenzi wa Al-Inkishafi aliukalisha moyo wake mwenyewe mbele ya magofu ya Pate na kuuhoji, badala ya kuwahubiria majirani. Ni vigumu kudai kwamba kujihesabu ni mtindo wa kuja.

Lakini kuna pingamizi zito kuliko lile la mtindo, nalo linatoka Afrika Mashariki yenyewe. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi wa Uganda na daktari Mwingereza Joe Church walikutana Namirembe, Kampala, wakasoma na kuomba pamoja. Katika miaka ya 1930 uamsho ulienea kutoka Gahini, Rwanda, ukafika Uganda, Kenya, Tanganyika na Burundi. Wafuasi wa uamsho huo, walioitwa Walokole, walijihesabu kuliko mtu yeyote tunayemjua katika historia ya dini ya eneo hili. Waliungama hadharani, walirudisha vitu walivyoiba, waliomba radhi kwa wake zao, wamishonari Wazungu wakatubu kiburi chao mbele ya Waafrika. Wakati wa vita vya Mau Mau, wengi wao Kenya walikataa kiapo na wakakataa pia kushika silaha za serikali, na baadhi waliuawa kwa msimamo huo. Sasa mpinzani anauliza: kama kujihesabu ni dawa, imekuwaje nchi ilikoanzia dawa hiyo ikafika 1994?

Sina haki ya kulikwepa swali hilo, wala halina jibu jepesi. Siasa, ukoloni na vita vilikuwa na mkono wao. Hata hivyo ninaona funzo moja linaloimarisha hoja yangu badala ya kuibomoa. Hesabu hupata kile tu inachokiuliza. Orodha ya makosa yaliyoungamwa katika uamsho ilijaa pombe, uzinzi, wizi, uchawi, hasira. Yote ni makosa ya kweli. Chuki ya kabila kwa kabila, dharau iliyofundishwa shuleni na kuandikwa kwenye kitambulisho, mara nyingi haikuulizwa, kwa sababu ilikuwa imeshakuwa hewa ambayo kila mtu anavuta. Ndiyo maana tukio la Desemba 1996 lina uzito. Wakristo wa Rwanda, Wahutu na Watutsi, pamoja na Wazungu, walikutana Detmold, Ujerumani, na kila upande ukaungama makosa ya upande wake, bila kusubiri wa pili aanze. Swali lililokosekana kwa miaka mingi hatimaye liliulizwa, ingawa kwa bei ya kutisha. Msomaji wangu, daftari lako likijaa dhambi za mwilini peke yake na halina hata mstari mmoja kuhusu watu unaowadharau kwa kabila, dini, rangi au umaskini wao, bado hujaanza.

Basi ifanyweje? Chagua wakati ambao tayari una utulivu kidogo: baada ya Isha, baada ya sala ya jioni, au watoto wakishalala. Dakika kumi zinatosha, na simu ikae chumba kingine. Anza na shukrani ya jambo halisi la siku hiyo, kama Ignasi alivyoagiza. Ushauri huo una msingi hata nje ya dini: mwaka 2003 Robert Emmons na Michael McCullough walionyesha kwamba watu waliotakiwa kuandika mambo ya kushukuru waliyaona maisha yao kwa wema zaidi kuliko walioandika kero. Kisha pitia siku kwa mpangilio wake, tangu ulipoamka, na usimame pale palipouma au pale ulipopapita haraka mno. Maswali yawe ya kushikika. "Je, ninampenda Mungu?" ni swali ambalo kila mtu hujijibu vizuri. Jiulize badala yake: leo nani aliniogopa? Nani nilimfanya asubiri bila sababu? Nilimsema nani asipokuwepo? Pesa gani imepita mkononi mwangu ambayo nisingependa ijulikane? Nilisali au kuswali ili nani anione? Kama ungetaka kuchukua moja tu, chukua lile la kuogopwa. Mke, mtoto, karani, kondakta wa daladala au matatu, mlinzi wa geti: wao ndio wanaojua roho yako ikoje siku ambayo hakuna mgeni.

Andika, walau mistari mitatu. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha utafiti ambamo wanafunzi walioandika kwa siku nne mfululizo, dakika 15 kila siku, kuhusu mambo mazito yaliyowapata, walikwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi katika miezi iliyofuata, ingawa mara tu baada ya kuandika walijisikia vibaya. Hilo la kujisikia vibaya ni vizuri kulijua mapema, kwa sababu wengi huacha wiki ya kwanza wakidhani wamekosea. Faida ya pili ya kuandika ni kwamba maandishi hayakubali kulegezwa. Kichwani tunasema "nilikuwa mkali kidogo". Kwenye karatasi itabidi uandike uliyoyatamka. Ukihofia daftari kusomwa, tumia alama unazozijua mwenyewe, au lichane kila mwisho wa mwezi.

Halafu lipa. Hapa ndipo hesabu nyingi hukwama, na ndipo ninaposisitiza kuliko popote. Katika mafundisho ya Kiislamu, toba ya kosa lililogusa haki ya mja haikamiliki kwa istighfari pekee; haki hurudishwa kwa mwenyewe au radhi iombwe. Padri naye hamwondolei mwizi wajibu wa kurudisha alichoiba. Kwa hiyo hesabu ya usiku ikionyesha umemdhulumu fundi elfu kumi, azimio la kesho liwe kumtumia elfu kumi hiyo, na kuongeza rakaa au rozari hakubadilishi deni. Ikionyesha ulimtukana mwanao, mwambie mwanao umekosa. Wazazi wengi wa kwetu huliona hili kama kuvunja heshima ya nyumba. Sikubaliani nao. Mtoto aliyewahi kuombwa radhi na baba yake amejifunza toba kuliko aliyeisikia mahubirini mara mia.

Je, huku si kujichunguza kupita kiasi, hadi mtu akawa mfungwa wa nafsi yake? Hatari hiyo ipo, na walioibuni njia waliionja. Ignasi huyo huyo, akiwa Manresa mwaka 1522, aliungama na kuungama tena dhambi zile zile hadi akashawishika kujiua, na hakupona mpaka alipoacha kuzirudia za zamani. Waislamu wanaijua hali hii kwa jina la wasiwasi, na masheikhe humwamuru mwenye wasiwasi asirudie udhu wala swala kwa shaka. Kipimo changu ni hiki: hesabu yenye afya inakutoa kwako na kukupeleka kwa mtu mwingine, kuomba radhi, kulipa, kushukuru. Inayokuzungusha humo humo usiku kucha imeshageuka ugonjwa, na tiba yake ni kupunguza maswali na kumweleza mtu. Ndiyo sababu mwenzi wa safari anahitajika. Tafuta mmoja, mwenye siri, asiyekuogopa wala kukutegemea kwa riziki. Kiongozi wa dini anafaa akiwa na sifa hizo. Asipokuwa nazo, rafiki anafaa zaidi. Na kiongozi anayekukataza kuuliza, kushauriana na ndugu au kwenda hospitali, mwache mara moja. Shakahola imetufundisha hilo kwa makaburi.

Wengine watasema nimeidharau ibada ya pamoja. Hapana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 na Tyler VanderWeele na wenzake wa Harvard, uliofuatilia wauguzi wanawake zaidi ya 74,000 wa Marekani kwa miaka 16, ulikuta waliohudhuria ibada zaidi ya mara moja kwa wiki walikuwa na hatari ya kufa iliyo pungufu kwa asilimia 33 kuliko wasiohudhuria kabisa. Watu wanaokujua wakikuona hupo watakutafuta, na hilo peke yake ni rehema. Lakini jamaa hawezi kukuhesabia ulichokificha, na safu ya mbele msikitini au kanisani ni mahali pazuri sana pa kujifichia. Nenda ibadani, kisha rudi nyumbani uulize imekufanya nini. Na kwa yule anayesema wokovu ni wa rehema, hauhesabiwi: ni kweli, na anayejihesabu hanunui rehema. Anajua kwa jina mahali anapoihitaji.

Neno la mwisho ni la tahadhari. Upo ukavu wa roho wa kawaida, ambao hata watawa wa jangwa la Misri katika karne ya nne waliuandika: sala haina ladha, mchana hauishi, kila kazi inachosha. Ukikupata, usibadilishe dini wala usiongeze mzigo. Shika kidogo ulichonacho na uendelee na hesabu fupi. Lakini usingizi ukipotea, hamu ya kula ikikatika, machozi au hasira zikitawala kwa zaidi ya wiki mbili, au ukiwaza kujidhuru, hiyo inaweza kuwa sonona, na sonona ina matibabu. Nenda hospitali, mweleze daktari, na uendelee kuombewa ukipenda. Kimoja hakizuii kingine. Kama huna dalili hizo, usisubiri mfungo ujao. Leo usiku chukua karatasi, andika jina la mtu mmoja unayemdai radhi au anayekudai haki yake, na kesho kabla ya adhuhuri mpigie simu.